Hogo au vyuma? Kuchagua matibabu ya kifundo cha mguu kilichovunjika

Katika muda usiozidi miezi minne nyumba yetu ya Morogoro ilipata vifundo viwili vya miguu vilivyovunjika. Cha kwanza kilikuwa changu. Niliteleza kwenye ngazi za saruji za uani wakati wa masika, wayo ukakwama, mwili ukageuka, nikasikia mlio mfupi kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa kwa ajili ya kuwashia moto. Cha pili kilikuwa cha mdogo wangu wa kiume, aliyeanguka na bodaboda na kulaliwa na pikipiki mguuni. Mimi nilifungwa hogo, yaani plasta ngumu inayoutuliza mfupa, yeye akawekewa vyuma, na mama yetu alituuguza sote wawili. Wageni waliokuja kutujulia hali waliuliza swali lile lile, kwamba ipi ni njia bora, na kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari: wengine kwa kuogopa kisu, wengine kwa kuhesabu fedha, wengine kwa sababu ya jirani aliyepona kwa namna fulani. Ni wachache mno waliouliza jambo ambalo kwa kweli ndilo linaloamua, nalo ni kama kiungo kimebaki mahali pake na kama kitabaki hapo mpaka mfupa uunge.

Kifundo cha mguu kimejengwa kama kazi ya seremala hodari. Mfupa mkubwa wa muundi hushuka upande wa ndani na kuishia kwenye nundu ile unayoigusa unapovaa kiatu, na mfupa mwembamba unaoandamana nao hushuka upande wa nje na kuishia kwenye nundu ya pili, iliyo chini kidogo kuliko ya kwanza. Nundu hizo mbili, pamoja na ukingo wa nyuma wa muundi, hufanya tundu, na ndani ya tundu hilo hukaa mfupa wa juu kabisa wa wayo, kama ulimi wa ubao unavyokaa ndani ya fremu ya mlango. Kano ngumu huifunga mifupa miwili ya juu isiachane, na kano nyingine pana upande wa ndani huuzuia ulimi usitoke kwenda nje. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1976 vilionyesha kwamba ulimi huo ukisogea nje kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa hugusana ndani ya kiungo hupungua kwa asilimia 42. Maana yake ni kwamba uzito ule ule wa mwili unabebwa na sehemu ndogo zaidi ya gegedu, yaani tabaka laini linalofunika mifupa ndani ya kiungo, na gegedu ikishalika hairudi. Ndiyo sababu daktari wa mifupa anaweza kuitazama picha ya eksirei ambayo wewe unaiona nzuri, kisha akakuambia kwamba haikubaliki.

Madaktari wengi wa mifupa huanza kwa kuangalia mfupa mwembamba wa nje umevunjika wapi, na hutumia herufi tatu zinazotokana na kazi ya madaktari Danis na Weber. Ukivunjika chini ya usawa wa kiungo huitwa A, na mara nyingi kiungo huwa kimetulia, kwa hiyo hogo au hata buti ya kutembelea hutosha. Ukivunjika juu ya usawa wa kiungo huitwa C, na kwa kawaida kano zinazoifunga mifupa miwili huwa zimechanika, hivyo vyuma ndiyo njia ya kawaida. B iko katikati, kwenye usawa wa kiungo chenyewe, na hapo ndipo penye mjadala, kwa sababu B nyingine imetulia kabisa na nyingine inaonekana imetulia mpaka uzito uiguse.

Yangu ilikuwa B. Kituo cha kwanza nilichokwenda hakikunipiga picha. Niliambiwa nimeteguka tu, nikapewa dawa ya kuchua na kurudishwa nyumbani, ingawa sikuweza kupiga hata hatua 4 kwa mguu ule na niliumia vikali nilipobonyezwa juu ya mfupa wenyewe wa nundu ya nje. Dalili hizo mbili, kwa utaratibu uliobuniwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990 na unaotumika sehemu nyingi duniani, zinatosha kumtaka mgonjwa apigwe eksirei. Siku ya tatu nilikwenda hospitali nyingine, na huko daktari hakuridhika na picha za kawaida. Alinilaza ubavu, akauacha wayo uning'inie nje ya ukingo wa meza kwa uzito wake wenyewe, akaagiza picha ipigwe hivyo hivyo. Kama kano ya upande wa ndani ingekuwa imechanika, nafasi kati ya nundu ya ndani na ulimi ingefunguka. Haikufunguka. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu ule mstari mweusi unaouzunguka ulimi, ulikuwa na upana mmoja pande zote, akasema, "Huu umekaa. Tutaufunga."

Mdogo wangu hakuhitaji picha ya namna hiyo. Nundu zote mbili zilikuwa zimevunjika, wayo umegeukia nje, na ngozi ya upande wa ndani imevutwa mpaka ikawa nyeupe. Usiku ule ule alipewa dawa ya usingizi, mguu ukanyooshwa na kushikizwa kwa hogo la nusu, kwa kuwa ngozi iliyovutwa namna hiyo hufa isipopumzishwa haraka. Kwake hapakuwa na cha kuchagua kati ya hogo na vyuma. Kilichobaki kuamuliwa ni siku ya upasuaji, na siku hiyo iliamuliwa na uvimbe.

Jambo hili liliwasumbua ndugu wengi, nami nataka lieleweke, kwa maana nilisikia watu wakilaumu kwamba mgonjwa ametelekezwa wodini. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, haina nyama chini yake, na ikipasuliwa ikiwa imevimba hushindwa kufunga. Kwa hiyo mguu usipopasuliwa katika saa za mwanzo, husubiriwa upungue, wakati mwingine kwa wiki nzima au zaidi, huku ukiwa umeinuliwa juu ya mito ili uwe juu kuliko moyo. Kila asubuhi daktari alikuja, akaifinya ngozi taratibu kati ya vidole viwili na kuangalia kama inakunjamana. Siku ya tisa ilikunjamana kama ngozi ya embe lililokaa, na siku iliyofuata akaingizwa chumba cha upasuaji.

Hogo na vyuma vikiwekwa bega kwa bega

Hogo lina faida ambayo hakuna anayeweza kuibisha: ngozi haikatwi, kwa hiyo hakuna kidonda cha kuingia vijidudu, hakuna sindano ya ganzi ya mgongoni, na mgonjwa aliyetulia anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Linapofungwa hupata joto. Nililihisi likipanda kama kikombe cha chai kilichoshikwa kwa kitambaa, kisha likapoa na kuwa zito. Udhaifu wake mkubwa hauonekani siku hiyo. Uvimbe ukishapungua, hogo lililokuwa limekaza hulegea, na mfupa uliokuwa umekaa vizuri unaweza kusogea ndani yake bila maumivu makubwa ya kukushtua. Ndiyo maana picha za marudio katika wiki ya kwanza na ya pili ni sehemu ya matibabu yenyewe. Anayechagua hogo kwa sababu ni rahisi, kisha akaacha kurudi kwa picha hizo kwa sababu nauli ni kubwa, amechukua nusu ya matibabu tu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolinda mguu.

Vyuma, yaani sahani ndogo inayolazwa juu ya mfupa na kushikizwa kwa skrubu, hurudisha ulimi na tundu lake mahali pake kwa usahihi ambao mkono wa kufunga hogo hauwezi kuufikia kila mara, na huushikilia usahihi huo bila kutegemea uvimbe. Faida ya pili ni kwamba mguu unaweza kuanza kukunjwa na kunyooshwa mapema. Gharama yake ni kidonda. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 hivi, na kabla ya hapo, na hata baadaye, kuna hatari ya vijidudu, ambayo ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari na kwa mvutaji sigara. Kama mfupa umetoboa ngozi, suala ni jingine kabisa: kidonda husafishwa chumba cha upasuaji bila kukawia, na wakati mwingine mgonjwa hutoka na vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani huitwa antena, mpaka ngozi itakapokuwa tayari.

Kwa wazee, ulinganisho huu una ushahidi ambao kila familia yenye bibi au babu ingefaa kuujua. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu 620 wenye umri wa zaidi ya miaka 60, ambao vifundo vyao vilikuwa vimevunjika na havikutulia. Nusu walifanyiwa upasuaji, nusu walifungwa hogo maalumu linaloubana mguu kwa karibu, lililofungwa wakiwa wamepewa dawa ya usingizi au ganzi. Baada ya miezi 6 uwezo wao wa kutumia mguu ulikuwa karibu sawa. Matatizo ya kidonda yaliwapata asilimia 10 ya waliopasuliwa na asilimia 1 ya waliofungwa hogo. Hata hivyo, mifupa iliyounga vibaya ilionekana kwa asilimia 15 ya upande wa hogo dhidi ya asilimia 3 ya upande wa upasuaji, na karibu mtu mmoja kati ya watano walioanza na hogo aliishia kupasuliwa. Mimi naisoma habari hii hivi: kwa mama mwenye miaka 75, kisukari na ngozi nyembamba, hogo lililofungwa kwa ustadi na kufuatiliwa kwa picha ni chaguo la heshima hata pale ambapo kijana angepasuliwa. Hogo la haraka lililofungwa na yeyote aliyekuwa zamu ni kitu tofauti, na matokeo ya utafiti huo hayalihusu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Hogo ni nafuu siku ya kwanza, lakini lina nauli na picha za wiki kadhaa. Vyuma vina gharama tatu zilizofungwa pamoja, ambazo ni chumba cha upasuaji, vyuma vyenyewe, na kitanda pamoja na dawa. Kabla hamjatia sahihi, ombeni mchanganuo ulioandikwa, na mwenye bima aulize waziwazi kama bima yake inalipia vyuma au inalipia upasuaji peke yake. Sisi tuliliuliza hilo jioni ya kuamkia upasuaji, tukawa tumechelewa.

Na fundi wa kuunga mifupa?

Shangazi yetu alikuja siku ya pili akataka mdogo wangu aondolewe wodini apelekwe kwa fundi wa mifupa kijijini, kwa kuwa yeye mwenyewe alitibiwa huko akiwa msichana na anatembea mpaka leo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Wifi, wako ulikuwa umevunjika. Huu umevunjika na kuhama." Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo. Mfupa uliovunjika bila kuhama huunga wenyewe ukitulizwa, na sifa humwendea aliyeufunga. Fundi yuko karibu, anaongea na mgonjwa kwa utulivu, na malipo yake yanaweza kusubiri mavuno. Sidharau mambo hayo, kwa maana ndiyo yanayokosekana hospitali nyingi. Lakini hana picha, hawezi kujua kama ulimi umetoka kwenye tundu kwa milimita 1 au 2, na vijiti vilivyokazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba hukata njia ya damu. Kuukanda mfupa mbichi uliovunjika kwa maji ya moto huongeza uvimbe na unaweza kuusogeza. Katika uchaguzi huu mmoja siwezi kusimama katikati: kwa kifundo, nenda kwenye picha kwanza.

Dalili za hatari ni zile zile kwa hogo, vyuma au vijiti. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole vinavyokufa ganzi, kupoa au kubadilika rangi, vinamrudisha mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikakatika, huenda damu imeganda mguuni na donge likapanda kwenye mapafu, na hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Kukanyaga mapema au kusubiri wiki 6

Hapa ndipo ushauri umebadilika zaidi katika miaka ya karibuni, na ndipo majirani wengi bado wanashauri ya zamani. Mdogo wangu aliambiwa na kila mtu asikanyage kabisa kwa wiki 6. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2024, wenye wagonjwa 561 waliofanyiwa upasuaji wa kifundo, ulilinganisha walioanza kukanyaga baada ya wiki 2 na walioanza baada ya wiki 6, na walioanza mapema hawakuwa na matokeo mabaya zaidi. Kwa upande wa hogo, madaktari wa Finland walionyesha mwaka 2019 kwamba kwa mivunjiko ya B iliyotulia, wiki 3 za kufungwa zilitosha sawa na wiki 6. Mimi nilifungwa wiki 6, na hogo lilipokatwa, shavu la mguu wangu lilikuwa limenyauka mpaka mama akageuza uso pembeni. Ningekuwa nachagua leo, ningemuuliza daktari kuhusu wiki 3, nikiwa na picha mkononi. Neno la mwisho hata hivyo ni la daktari aliyeuona mguu, hasa kama kuna skrubu inayoifunga mifupa miwili pamoja au kama mgonjwa ana kisukari kilichoua hisia za wayo, kwa sababu mguu usiohisi hauwezi kumwonya mwenye nao kwamba anauumiza.

Kwa kutembelea, kijana mwenye mikono yenye nguvu atapendelea magongo, na mzee apewe fremu ya miguu minne, ingawa ni nzito na haipandi daladala. Magongo yaachwe nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja, kwani kulalia makwapa hubana mishipa ya fahamu na mikono hufa ganzi. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, na mguu mgonjwa hushuka kwanza pamoja na magongo. Kikwazo kilichotushinda zaidi nyumbani kilikuwa choo cha kuchuchumaa, ambacho karatasi za maelekezo tulizopewa hazikukitaja. Fundi wa mtaani alikata tundu katika kiti cha plastiki chenye miguu imara, tukakiweka juu ya choo, na kiti hicho kilitumika miezi saba. Anayerudi nyumbani na mguu mmoja akiandae kabla ya kuandaa kitanda. Hogo lifunikwe kwa mfuko wa plastiki wakati wa kuoga, lisiingizwe kijiti cha kukunia, maana mchubuko usioonekana huoza kimya kimya. Aina nyepesi ya faiba huvumilia maji kwa nje, lakini pamba ya ndani hulowa kama ile ya plasta ya kawaida.

Mazoezi ya viungo: hospitali au nyumbani

Hogo na vyuma hukutana hapa, kwa sababu vyote viwili huacha kiungo kikavu, kigumu na chenye hofu. Utafiti wa Australia wa mwaka 2015, uliohusu wagonjwa 214 waliotolewa hogo au kifaa cha kutuliza mguu, uligundua kwamba mpango wa mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu haukuwazidishia nafuu ukilinganishwa na ushauri mzuri wa mtaalamu aliyewaonyesha wafanye nini wenyewe. Kwa anayelipa nauli mbili kila wiki habari hii ni faraja kubwa, mradi ushauri huo aupate kweli na aufuate. Mimi nilionana na mtaalamu mara mbili, kisha nikafanya nyumbani: kuandika herufi hewani kwa dole gumba, kuvuta wayo kwa kanga iliyozungushwa chini ya vidole huku goti limenyooka, kuinuka kwa ncha za vidole nikishika ukuta, na mwishoni kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Hilo la mwisho ndilo wengi huliacha, na ndilo linalokurudishia imani ya kushuka kwenye daladala. Mdogo wangu alihitaji kurudi kwa mtaalamu mara nyingi zaidi, kwa kuwa kovu lake lilishikamana na tabaka za chini ya ngozi na alikuwa anaogopa kukunja wayo kwa hofu ya kuvunja chuma.

Kuhusu kurudi kazini, mwenye kazi ya kukaa hurudi mapema kuliko anayesimama kutwa. Mimi nafundisha shule ya msingi, na nilisimama darasani siku nzima kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu baada ya kuvunjika, jioni mguu ukavimba kama siku za mwanzo. Uvimbe wa jioni wa namna hiyo huweza kuendelea kwa miezi kadhaa bila kuwa dalili ya ubaya. Kwa waendesha magari waliopasuliwa mguu wa kulia, vipimo vya Marekani vya mwaka 2003 vilionyesha kwamba kasi ya kukanyaga breki ilirudi kawaida baada ya wiki 9. Mdogo wangu anayepanda bodaboda alisubiri zaidi ya hapo, na mama ndiye aliyeushika ufunguo.

Sasa mwaka unakaribia. Mguu wangu wa hogo unatembea kilomita bila maumivu, ila nikichuchumaa kuosha vyombo kisigino hakigusi chini kama cha mwenzake. Wa mdogo wangu unakunjika vizuri kuliko wangu, jambo ambalo hakuna mgeni aliyelitabiri, lakini kichwa cha skrubu moja kinasikika chini ya ngozi na kinasuguana na ukingo wa kiatu, hasa asubuhi za Julai upepo unaposhuka kutoka milima ya Uluguru. Daktari alimwambia kwamba vyuma vinaweza kubaki humo maisha yake yote kama havimsumbui, na kwamba kuvitoa ni upasuaji mwingine wenye kidonda kingine. Ameamua kusubiri mfupa uimarike kabisa ndipo aliulize tena, na kwa sasa amebadilisha viatu, anavaa vile vyenye ukingo laini.